Kufuli Kaumwa

Ilianza na kidole gumba cha mkono wa kushoto. Mchubuko mdogo, mrefu kama punje ya mchele, na damu yenyewe ilitoka kwa kujivuta. Mwenye kidole ni fundi viatu, na kwa fundi viatu kujikata si habari. Kisu cha kuchongea soli kinateleza, sindano inapita ngozi ya kiatu na kuingia ngozi ya mtu. Mafundi wana dawa yao ya hayo mambo. Unafuta damu kwa kitambaa, unadondosha tone la gundi, ile ile ya soli, unabana midomo ya kidonda, unapuliza, unaendelea na kazi. Inachoma kama pilipili halafu inanyamaza. Yeye amefanya hivyo miaka kumi na tisa. Ndiyo maana mtaa mzima unamwita Gundi, na mkewe pia, akiwa amekasirika.

Ila siku hiyo hakukatwa na kisu. Alichubuliwa na mbwa wake, Kufuli.

Kufuli alipewa jina hilo tangu mtoto, kwa sababu akishika kitu kwa meno hafunguki mpaka aambiwe, "Achia." Ulikuwa mchezo wa miaka minne. Asubuhi ya Jumatatu, Gundi anatoka kwenda kazini, mbwa kaing'ang'ania ndara mlangoni. "Achia." Hakuachia. "Kufuli, achia, nimechelewa." Wapi. Gundi akavuta, ndara ikachomoka, jino likapita kwenye kidole. Mbwa hakutikisa mkia wala hakuomba radhi kwa macho kama kawaida yake. Alimtazama Gundi kama mtu anayeulizia kitambulisho, akanguruma kwa sauti iliyokwaruza kama redio inayoishiwa betri, akaenda kujikunja nyuma ya pipa la maji.

"Kufuli leo kagoma kufunguka," Gundi akamwambia mkewe.

"Labda umekosea ufunguo, Baba Chiriku," mkewe akasema huku anafagia.

Wakacheka. Gundi akatoa kichupa cha gundi mfukoni, akadondosha tone, akapuliza. Kazi ikaendelea.

Jumanne asubuhi mnyororo ulikuwepo, mbwa hakuwepo. Mkanda wa shingoni, ambao Gundi aliushona mwenyewe kwa ngozi ya buti, ulikuwa umekatika kama karatasi. Kusema kweli kilichomuuma zaidi ni ule mkanda.

"Kaenda kuoa," mkewe akasema. "Akishindwa mahari atarudi."

Aliyelia ni binti yao. Ana miaka tisa, na jina la Chiriku alilipata kwa sababu anaongea kuanzia anapofumbua macho mpaka anapofumba, na hata akifumba bado midomo inacheza. Alizunguka mtaa mzima anaita Kufuli, Kufuli, watu wakadhani wamepoteza funguo.

Jumatano akaja bwana mifugo kibandani.

Kibanda cha Gundi ni mabati manne na meza moja, kimeegemea ukuta wa duka la vipuri. Ndani kuna kiti cha fundi, benchi la mteja, na harufu ya gundi inayokufanya uone mambo rahisi. Bwana mifugo alileta mabuti yake ya mpira yaliyopasuka. Akakaa kwenye benchi, miguu mitupu juu ya gazeti, na kama kawaida ya watu wa kazi hiyo, akakagua kila kitu chenye ngozi. Macho yakatua kwenye kidole.

"Fundi, hicho kidole umekitia soli?"

"Gundi tu, mzee. Mbwa wangu kanigusa na jino. Kitu kidogo."

"Mbwa wako yuko wapi?"

"Kaenda kuoa."

Bwana mifugo hakucheka. "Tangu lini?"

"Jana."

"Ana chanjo?"

Hapo Gundi akakohoa. Gari la kipaza sauti lilipita mtaani mwaka jana, leteni mbwa, leteni paka, ni bure. Yeye siku hiyo alikuwa na jozi thelathini za viatu vya shule. Akasema kesho. Kesho gari lilikuwa mtaa mwingine. "Nilitaka kumpeleka," akasema.

"Na huyo mbwa aliwahi kuumwa?"

"Mara moja tu. Kama mwezi na nusu hivi uliopita. Akapewa maziwa, akapona."

Bwana mifugo akasogea mbele kwenye benchi. "Aliumwa nini?"

"Mimi nitajuaje, mzee? Tumbo labda."

"Fundi, nisikilize vizuri. Sikuulizi kama aliugua. Nakuuliza kama aliumwa. Na mbwa mwenzake. Kwa meno."

Nyundo ya Gundi ilikuwa hewani. Ikabaki hewani.

Siku ile ilimrudia nzima nzima. Chiriku katoka shule, kasimama pale pale mlangoni na begi mgongoni, anamwaga habari zake za kutwa: mwalimu kafanya hivi, fulani kachana daftari, mvua itanyesha, Baba, Kufuli kaumwa, Baba, na mimi nataka kalamu nyekundu. Na Gundi alikuwa na misumari sita midomoni, hivyo ndivyo fundi anavyoshika misumari, huwezi kufungua mdomo. Kaumwa. Akasikia mbwa anaugua. Akasema kupitia misumari, "Mm. Mpe maziwa."

Mpe maziwa!

"Toa hiyo gundi," bwana mifugo akasema, sasa kasimama. "Hukutibu kidonda, umefungia ugonjwa ndani na ukatia na kitasa. Osha kwa sabuni na maji yanayotiririka, robo saa, usidanganye hata dakika. Halafu hospitali. Leo. Sasa hivi."

"Kwani nikichelewa?"

"Kichaa cha mbwa kikianza kuonekana kwa mtu, hakuna dokta atakayekusaidia. Sikutishi. Nakwambia ili usiniulize mara ya pili."

Gundi alikwenda na sandali za kazi, hakufunga hata kibanda. Ila alipita nyumbani kwanza, maana nyumba iko njiani na shule zilikuwa zimefungwa. Chiriku alikuwa uani anafua soksi.

"Mwanangu. Siku ile uliponiambia Kufuli kaumwa. Kaumwa vipi?"

"Si na lile jibwa la jalalani! Lilimkamata hapa, sikioni, likakimbia linatoka mate. Nilikwambia, Baba. Ukasema nimpe maziwa. Nikampa, nikapaka na maji ya chumvi sikioni, na kile kikombe cha—"

"Na wewe? Wewe umeumwa?"

"Mimi? Hapana."

"Kweli?"

"Haki ya Mungu, Baba. Hajaniuma."

Akashusha pumzi. Akamwosha mtoto mikono hata hivyo, akaenda.

Hospitalini, nesi wa dirishani alikuwa na daftari kubwa na kalamu iliyofungwa kwa uzi. Nesi mtu mzima, mwenye sauti ya kuzoea foleni.

"Unaumwa nini?"

"Siumwi, sista. Nimeumwa."

"Huumwi au umeumwa?"

"Vyote viwili."

Nyuma yake mtu akacheka, mwingine akasema huyu apelekwe wodi ya vichwa. Gundi akainua kidole. "Mbwa," akasema. Mama mmoja akamsogeza mwanawe upande wa pili.

Waliisugua ile gundi mpaka ngozi ikaondoka nayo. Robo saa chini ya bomba, nesi kashika saa, Gundi anatazama maji mekundu yanazunguka kwenye sinki na kupotea. Wakamchoma pembeni ya kidonda, wakamchoma begani, wakampa kadi yenye tarehe. Leo, Jumamosi, Jumatano ijayo, na kuendelea.

"Nyumbani kuna mwingine aliyeumwa?" nesi akauliza, kalamu juu ya daftari.

"Hakuna. Nimewauliza."

Nesi akaandika: hakuna.

Ijumaa bwana mifugo akapiga simu. Kufuli amepatikana kwenye mtaro nyuma ya ghala la mbao, amekufa, udongo mdomoni. "Nitachukua kichwa," akasema. "Kinapimwa. Usimwambie mtoto." Gundi hakumwambia mtoto. Alimwambia mkewe, na mkewe, ambaye miaka yote alikuwa akisema yule mbwa anakula kuliko mgeni, akaketi jikoni na kulia na kisu mkononi, kitunguu hakijakatwa bado.

Majibu yalikuja Jumanne. Bwana mifugo hakupiga simu, alikuja mwenyewe kwa mguu. Gundi alipomwona anakuja bila pikipiki, taratibu kama mtu anayeingia msibani, akatoa misumari midomoni mmoja mmoja na kuipanga mezani.

"Ndicho chenyewe, fundi."

"Sawa."

"Endelea na sindano zako. Umewahi. Wewe umewahi."

Jumatano akachomwa sindano ya tatu. Akarudi nyumbani mchana, mkono mzito, na wazo moja: kuchoma moto kila kitu kilichopita mdomoni mwa Kufuli. Bwana mifugo alimwambia si lazima, sabuni na jua vinatosha, lakini mtu akiogopa anataka kuona moshi. Akakusanya ndara, gunia la kulalia, bakuli, mpira uliotobolewa, na chini ya kitanda cha Chiriku akavuta kiatu cha shule chenye alama za meno ya mchezo kwenye ulimi. Kiatu cha kulia. Alikitengeneza mwenyewe, wiki ya mwisho kabla shule hazijafungwa, alikipiga kisigino kipya mbio mbio wakati wateja wamejipanga.

Sasa fundi viatu akishika kiatu hakitazami. Anaingiza mkono. Ni mazoea, kama mpishi anavyoonja. Gundi akaingiza mkono, vidole vikatembea mpaka kisiginoni, na hapo kitu kikamchoma.

Ncha ya msumari. Ndogo sana. Alitumia msumari mrefu mahali pa mfupi na hakupinda ncha.

Alisimama pale kiatu kikiwa mkononi kama soksi.

"Chiriku!"

Akaja mbio, anaongea tangu mlangoni. Alipoona kiatu akanyamaza. Na huyu mtoto hajawahi kunyamaza.

"Hiki kiatu kilikuwa kinakuchoma?"

"Kidogo."

"Kwa nini hukusema?"

"Wewe ndiye uliyekitengeneza, Baba." Akatazama chini. "Mama angesema umeharibu. Halafu ungeacha viatu vya watu utengeneze changu tena."

"Lete mguu."

Akakaa kitandani, akainua mguu. Katikati ya kisigino palikuwa na nukta nyeusi, pamefunga vizuri, safi. Kidonda kilichopona. Gundi akapagusa kwa kidole kilekile chenye bandeji.

"Ulipaka nini hapa?"

"Sikupaka kitu."

"Kilipona vipi?"

"Kufuli alikuwa analamba. Nikirudi shule navua soksi, yeye anakuja analamba. Kila siku, hata shule zilipofungwa. Mwishoni alikuwa na mate mengi mpaka nikacheka, nikamwambia wewe unanipigia deki. Kikapona."

Gundi akakiweka kiatu chini. "Nilikuuliza," akasema, na sauti haikuwa yake. "Mwanangu, nilikuuliza."

"Uliniuliza kama nimeumwa. Sikuumwa, Baba. Nililambwa."

Alimbeba. Mtoto wa miaka tisa, miguu mirefu inaning'inia, na mkono wa kushoto umechomwa sindano asubuhi. Alimbeba mpaka barabarani, akasimamisha pikipiki ya kwanza. Pikipiki ilipoondoka ndipo alipokumbuka kwamba hajamwosha mguu. Akamwambia dereva arudi. Wakarudi. Akamweka chini ya bomba la uani, akamsugua kisigino kwa sabuni ya kufulia robo saa, huku dereva anapiga honi na Chiriku anasema, "Baba, unaniumiza, Baba, kimeshapona, Baba." Jirani wakachungulia. Hakuna aliyecheka.

Nesi alikuwa yule yule. Alimsikiliza mpaka mwisho. Akafungua daftari nyuma, akaipata ile siku, akaliona neno lake mwenyewe: hakuna. Akalikata kwa mstari.

"Siku ngapi tangu alambwe mara ya kwanza?"

"Kumi na tatu. Nimezihesabu njiani," Gundi akasema.

Gundi alisubiri aseme mmewahi. Wale watu wanajua kusema hivyo, ni neno la bure, hata bwana mifugo alimpa. Nesi hakusema. Alisema, "Heri kisigino kuliko uso. Kutoka mguuni mpaka kwenye ubongo ni mbali," akaenda kutafuta sindano. Gundi akalichukua lile neno *mbali* na kulishika kama mtu aliyepewa risiti.

Chiriku alichomwa kisiginoni, akalia, Gundi akimshikilia mguu. Alichomwa na begani. Akapewa kadi yake, mpya, yenye tarehe zake.

Mkewe aliporudi kazini akazikuta kadi mbili mezani, zimelala pamoja kama vitambulisho vya ndugu. Gundi akamweleza, hakuficha kitu, wala ule msumari. Alitegemea kelele. Mwanamke yule ana mdomo, mtaa unamjua. Lakini alizungumza polepole, na ilikuwa mbaya zaidi.

"Alikwambia Kufuli kaumwa."

"Alinambia."

"Mtoto anakwambia, wewe unagonga soli."

"Mama Chiriku..."

"Vidonda ndivyo unavyopaka gundi, au na masikio?"

Gundi angesema neno lenyewe ndilo bovu, kaumwa hiki, kaumwa kile, neno moja limebeba mizigo miwili. Aliwaza hivyo njia nzima kutoka hospitali. Ila alijua ni uongo. Neno halina kosa. Angeuliza tu, "Kaumwa na nini?" Maneno matatu. Kutema misumari sita, kuuliza maneno matatu.

Usiku ule na siku zilizofuata mkewe alilala na mtoto. Gundi alilala kwenye mkeka, pembeni ya kitanda chao, na hakuna aliyemfukuza.

Sindano zilikwisha. Zake, kisha za mtoto. Nesi akaweka alama ya mwisho kwenye kadi ya Chiriku, akasema wengi wanaomaliza sindano kabla dalili hazijaanza wanakaa salama, msiwe na hofu. Gundi akauliza dalili zinaweza kukaa muda gani bila kuonekana. Nesi akasema wiki kadhaa, mara nyingi miezi miwili mitatu, na wapo wachache inafika mwaka. Halafu akajuta kusema, ilionekana usoni.

Mwaka. Na bwana mifugo alishamwambia, siku aliyombana mpaka akasema, jinsi inavyoanza. Homa, kichwa, kidonda cha zamani kinawasha. Halafu maji. Mtu ana kiu na hawezi kunywa. Akiona kikombe tu, koo linafunga.

Kwa hiyo kila asubuhi, kabla ya kibanda, kabla ya kitu chochote, Gundi anajaza kikombe cha bati kwenye mtungi na kumpelekea binti yake.

"Kunywa nione."

Mwanzoni Chiriku alidhani ni dawa. Baadaye akaufanya mchezo, anagugumia yote kwa mkupuo, anageuza kikombe juu ya kichwa chake, "Tone hakuna!" Gundi anacheka kidogo, anaondoka. Mkewe anasimama mlangoni kila mara. Hajawahi kukosa.

Kibandani mambo yamebadilika na wateja wanalalamika. Misumari sasa anaiweka kwenye kopo, hawezi kuitia mdomoni, kwa hiyo anafanya kazi polepole. Na yule mtoto akitokea na hadithi zake, nyundo inawekwa chini. Mteja mmoja, mwalimu, alimwambia, "Fundi, mimi nasubiri kiatu, wewe unasikiliza habari za kuku wa jirani?" Gundi akamjibu, "Subiri, mwalimu. Kuku hajafika mwisho." Hakuwa anatania.

Miezi mitatu ilipotimia, asubuhi moja, Chiriku hakutoka chumbani. Gundi akaingia. Mtoto alikuwa ameketi kitandani, nywele zimevurugika, hajasema neno.

"Baba, naumwa."

Mkewe jikoni aliangusha sufuria. Ilizunguka sakafuni muda mrefu.

Gundi akapiga magoti. Akauliza taratibu, kila neno mahali pake, kama mtu anayepanga misumari mezani. "Unaumwa wapi?"

"Kichwa."

"Tangu lini?"

"Nimeamka nacho."

"Mguu? Kisigino kinawasha?"

Akafikiri. "Sijui. Ukiuliza, kinawasha."

Akaweka mkono kwenye paji lake. Joto. Hakujua kama ni joto la mtoto au la mkono wake. Akainuka, akaenda mtungini, akachota. Akakileta kikombe kwa mikono miwili. Mkewe alikuwa mlangoni, shuka limebanwa mdomoni.

"Kunywa nione."

Chiriku akakitazama kikombe. Hakukichukua. Akamtazama baba, akamtazama mama, na pale ndipo Gundi alipoelewa kwamba mtoto anajua, amejua siku nyingi, tangu zamani ule haukuwa mchezo kwake pia. Anaogopa kile kikombe kama wao wanavyokiogopa.

"Yakikwama?" akauliza.

"Yakikwama tupo hapa."

Akapokea. Akanywa funda moja, akasita. Likapita. Wote watatu walilisikia likipita. Akanywa la pili. Akanywa mpaka mwisho, polepole, macho kafumba, akamrudishia kikombe bila kukigeuza kichwani.

"Mengine," akasema.

Gundi akaenda kuchota. Kisha akarudi na kikombe cha pili, na baada ya hicho akamfunga mtoto mgongoni kwa shuka la mama yake kama mtoto mchanga, na kumpeleka hospitali. Waliambiwa ni malaria. Akauliza mara tatu. Nesi akamwambia mara tatu, ya tatu akiwa amemshika bega.

Ilibaki miezi tisa kuutimiza mwaka. Kesho yake asubuhi alijaza kikombe.